Mrejesho: gari kuvuta kushoto baada ya alaimenti

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini gari linavuta kushoto wakati limetoka kupigwa alaimenti (kunyooshwa mwelekeo wa magurudumu) siku hiyohiyo. Upepo wa matairi nilipima kwanza, uko sawa. Nikafuata ushauri wa kubadilishana matairi ya mbele, la kushoto likaenda kulia. Gari likaanza kuvuta kulia! Kumbe ni tairi, na fundi nilishamlaumu bure. Tairi hilo nimelihamishia nyuma, sasa nikilegeza usukani penye tambarare, gari linanyooka.

Ila nikikanyaga breki bado linaelemea kushoto. Pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki) ya kulia zilikuwa zimekauka kabisa, hazitelezi, kwa hiyo breki ya kulia ilikuwa inashika kidogo kuliko ya kushoto. Nimezisafisha na kuzipaka grisi yake: tatizo limepungua, halijaisha. Hosi ya breki (mpira unaopitisha mafuta ya breki) upande huo wa kulia ndiyo inafuata kukaguliwa.

Asanteni sana, hasa mliosema nianze na matairi.