Mdogo wangu anaacha dawa za utumbo kila akipata nafuu, mwanasaikolojia atasaidia nini?

Binti_Tanga: Wadau salama? Mdogo wangu wa kiume ana kolaitisi, utumbo mpana umevimba una vidonda, ikimkamata ni chooni kila saa na damu juu. Kapewa salfasalazini, akipata nafuu kidogo tu anaziacha kimyakimya, haupiti muda damu hiyoo tunarudi hospitali. Sasa dokta anasema aonane na mwanasaikolojia, mama kaja juu eti mwanangu sio chizi. Na mimi najiuliza, maongezi yanatibuje utumbo?

Kiroboto77: Hayatibu, tusidanganyane. Mi nina Crohn, nao ni ugonjwa wa utumbo kuvimba, nilipelekwa kwa mwanasaikolojia nikiwa nimechoka na kila kitu, unaogopa hata kupanda daladala kisa hujui choo kiko wapi, ukishakata tamaa hivyo kidonge unakiona cha kazi gani. Yule mwanasaikolojia alinisikiliza kwanza, halafu tukapanga nimeze na chai ya asubuhi. Utumbo ulitulia kwa dawa, ila bila yeye nisingezimeza.

Mzee_wa_Mizizi: Achaneni na kemikali, mlonge na asali tu mtanishukuru.

nesi_wa_zamu: Mzee tuachie mlonge wako. Dada, salfasalazini inazuia ugonjwa usirudi, ndo maana anatakiwa ameze hata akijisikia mzima, wengi wanapotelea hapo. Ila usimwite mzembe, jueni kwanza anaziachia nini. Inageuza mkojo rangi ya chungwa, inaleta kichefuchefu, kichwa kinauma, na kwa wanaume inapunguza mbegu, zinarudi kama miezi miwili mitatu baada ya kuacha. Kijana gani atamwambia dada yake hayo? Hata daktari mwenye foleni mpaka nje hamwambii, kwa mwanasaikolojia akikaa akatulia yatatoka. Dokta anaweza kumbadilishia mesalazini, hiyo kwa kawaida haina shida ya mbegu na zipo za mara moja kwa siku. Kama kapewa na prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, hiyo asiikate ghafla kabisa, ni hatari.

Binti_Tanga: Duh. Kaoa mwaka jana, wifi bado hajashika mimba, na mtu akiulizia tu yeye ndo anainuka anatoka nje. Hao wanasaikolojia bima inawalipia?

Kiroboto77: Inategemea bima, ulizeni mapema. Hospitali kubwa kama Muhimbili wana idara ya afya ya akili, aombe rufaa kwa huyohuyo dokta wa tumbo ili wawe wanawasiliana. Mama msimwambie kwanza 😂