Alama za mtihani zimeshuka kutoka darasa la nne hadi la tano: je, mtoto amerudi nyuma?

Mzazi wa darasa la tano:
Habari zenu, ndugu zangu. Mwanangu anasoma shule ya umma, na kila mwaka hufanya mtihani sanifu wa hisabati, yaani ule ambao watoto wote wa darasa lake hujibu maswali yale yale kwa muda ule ule na kusahihishwa kwa utaratibu mmoja. Mwaka jana alipata maswali 34 kati ya 40. Mwaka huu amepata 27. Nyumbani namwona anajua mengi kuliko mwaka jana, ndiyo maana jambo hili linaninyima usingizi. Nimwamini mtoto au nisadiki karatasi? Na je, kuna haja gani ya kuwapima watoto katika kila darasa?

Mwalimu wa hisabati:
Pole kwa wasiwasi, mzazi mwenzangu. Maswali 27 ya darasa la tano hayawezi kuwekwa kando ya 34 ya darasa la nne, kwa sababu mtihani wenyewe umekuwa mgumu zaidi. Watunzi wanaotaka kulinganisha madarasa huweka maswali kadhaa yanayofanana katika mitihani ya madarasa yanayofuatana, kisha huyatumia kuziweka alama zote kwenye mizani moja; tazama kama ripoti yako ina alama za namna hiyo. Ukiona nafasi yake miongoni mwa wenzake, kumbuka kwamba inaweza kushuka hata kama mtoto amejifunza mengi, kwani wenzake nao hawakusimama.

Mimi hutazama zaidi jibu alilokosea. Mtoto akiulizwa nusu ongeza robo, akachagua 2/6 badala ya 3/4, amejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Mtunzi mzuri huliweka jibu hilo makusudi ili kosa lijitokeze, na mwalimu akiliona hujua mara moja somo la kesho lianzie wapi. Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi matokeo hutufikia mtoto akiwa ameshapanda darasa, tena yakiwa jumla tupu isiyo na maswali yake.

Mtunzi wa mitihani:
Naunga mkono maelezo ya mwalimu, nikiongeza kwamba kila alama ina kosa lake la upimaji: mtoto yule yule akirudia mtihani wa aina ile ile wiki ijayo, huenda akapata maswali mawili zaidi au mawili pungufu bila ya chochote kubadilika kichwani mwake.

Kuhusu kupima kila darasa, Marekani ndiyo mfano unaotajwa sana. Sheria iliyotiwa saini mwaka 2002 iliyataka majimbo yapime kusoma na hisabati kila mwaka kuanzia darasa la 3 hadi la 8, na mara moja katika sekondari ya juu. Sheria ya mwaka 2015 iliyochukua nafasi yake ililibakiza sharti hilo. Hata hivyo, nchi hiyo hiyo ina upimaji wa taifa ulioanza mwaka 1969 ambao huchukua sampuli tu ya wanafunzi, kila mmoja akijibu sehemu ndogo ya maswali, wala hakuna mtoto anayepewa alama yake. Serikali ikitaka kujua hali ya elimu, njia hiyo inatosha; anayetaka kumsaidia mtoto mmoja anahitaji kipimo kingine, kifupi na kinachorudi upesi. Binafsi naona tunakosea tunapoutwika mtihani mmoja kazi zote mbili.

Mzazi wa darasa la tano:
Ahsanteni sana. Jana jioni nilimpa mwanangu lile swali la nusu na robo. Aliandika 2/6 bila kusita. Nilipomkunjia karatasi mara mbili, akahesabu vipande mwenyewe, akafuta jibu lake na kuandika 3/4. Kesho nitakwenda kumwomba mwalimu wake anionyeshe yale maswali 13 aliyokosa.