Ukoo wa Bibi: marudio saa 9 usiku

Shangazi Rehema, 18:02: Jamani, kile kipindi kinarudiwa leo saa 9 usiku. Laptopu ya sebuleni ijiamshe yenyewe irekodi. Nani anashughulika?

Shangazi Rehema, 18:20: Naona mmesoma.

Juma, 18:31: Nimeshaweka shangazi. 9:00 mpaka 10:00.

Salma, 18:33: Juma, 9:00 ya kompyuta ni saa 3 asubuhi 😂

Baba Mdogo Hamisi, 18:34: Ataturekodia katuni 😂😂

Shangazi Rehema, 18:36: Hamisi tafadhali. Juma, weka 02:55 mpaka 04:10, hawa huwa hawaanzi kwa wakati.

Salma, 18:40: Kwenye kipanga kazi cha Windows tia tiki pale pa kuamsha kompyuta. Halafu ingia mipangilio ya umeme, ruhusu vipima muda vya kuamsha. Usipofanya yote mawili italala fofofo.

Juma, 18:52: Si bora niizime, ipoe?

Salma, 18:53: USIIZIME! Ilaze tu. Ikishazimwa, Windows haina mkono tena, labda uweke kengele kule BIOS, ile mipangilio ya kabla Windows haijawaka. Kidude cha antena kibaki USB. Na chaja isichomolewe, kwenye betri mara nyingi inagoma kuamka.

Shangazi Rehema, 18:55: Hamisi, umesikia habari ya chaja.

Baba Mdogo Hamisi, 19:10: Mbona mimi? Mimi mwenyewe nikilala hakuna kipima muda kinachoniamsha 😂

Juma, 19:12: Muulizeni mama mdogo 😂

Shangazi Rehema, 19:15: Tuko kwenye jambo la maana. Inarekodi wapi?

Juma, 19:41: Diski ya nje.

Salma, 19:43: Ile imepangwa kwa mfumo wa zamani, FAT32, faili likifika GB 4 linakatika. Saa moja na robo ya HD inaweza kupita hapo. Weka ya ndani.

Juma, 19:50: Ya ndani imejaa. Mechi.

Shangazi Rehema, 19:51: Mechi tena. Hamisi, ile rekodi ya kwanza ya kipindi uliifuta upate nafasi ya mechi gani vile?

Baba Mdogo Hamisi, 19:58: Hayo tulishayamaliza.

Shangazi Rehema, 19:58: Uliyamaliza na nani?

Bibi, 20:47: Sauti ya babu yenu nimeisikia mara moja tu tangu tumzike. Mtu asiiguse hiyo mashine.

Baba Mdogo Hamisi, 21:15: Samahani mama.

Shangazi Rehema, 21:31: Tumesikia mama. Juma njoo inbox.

Shangazi Rehema, 21:50: Juma? Ile 9:00 ulikuwa umeshaibadilisha?

Juma, 22:05: Bado. Na sasa bibi amekaa pembeni yake na tasbihi.

Salma, 22:06: Chaja je?

Juma, 22:09: Siioni vizuri, ameifunika na kanga.

Shangazi Rehema, 22:10: Basi mwombe kwa adabu.

Juma, 22:11: Mwombe wewe shangazi.

Baba Salma, 23:12: Ndiyo kwanza nafungua simu. Kipindi gani?