Ukumbusho wa Sharpeville 21 Machi: ukutani tuweke nini?

MwalimuWaZamu
Habari wakuu. Klabu ya historia (kidato cha tatu na cha nne) imepewa nusu saa tarehe 21 Machi na ukuta wa mita 3 kwenye korido. Mada ni mauaji ya Sharpeville, Afrika Kusini, ya 1960, polisi walipowapiga risasi Waafrika waliokuwa wakipinga pasi (kitabu cha utambulisho walicholazimishwa kutembea nacho); ni siku ambayo Afrika Kusini ni sikukuu ya taifa. Tunataka kadi 69, moja kwa kila aliyeuawa. Karatasi za A4 zipo, gundi ipo, printa inatoa nyeusi tu. Zipangweje, tunyamaze saa ngapi, na watu huwa wanakosea wapi?

Kigamboni_Feri
Mwalimu, wanakosea kwanza kwenye picha. Ile ya kijana aliyembeba Hector Pieterson, mtoto aliyepigwa risasi na polisi, ni ya Soweto, 16 Juni 1976, ndiyo iliyotupa Siku ya Mtoto wa Afrika. Kila Machi inabandikwa kama Sharpeville. Picha za Sharpeville zinaonyesha watu wazima kwa watoto wakikimbia uwanda mtupu kuja upande wa kamera, polisi wamesimama nyuma yao juu ya magari ya deraya.

Kosa la pili ni bendera ya ANC, chama cha Mandela. Walioitisha maandamano ya siku hiyo ni PAC, chama cha Robert Sobukwe kilichojitenga na ANC mwaka 1959. ANC walikuwa na maandamano yao ya kupinga pasi, yamepangwa 31 Machi. Maagizo ya PAC yalikuwa mafupi: acha pasi nyumbani, nenda kituo cha polisi mikono mitupu, sema "nikamateni". Sobukwe mwenyewe alijipeleka kituo cha Orlando. Alifungwa miaka 3, na ilipoisha ikatungwa sheria ya kumshikilia zaidi. Akakaa Robben Island, kisiwa cha gereza, hadi 1969.

Dakika ya kimya: risasi zilianza yapata saa saba na nusu mchana kwa saa za kule. Kwetu ni saa nane na nusu. Ilikuwa Jumatatu.

Mzee_wa_Kipande
Mimi ningeanza na pasi kabla ya majina. Mwanafunzi akiona majina 69 bila kujua watu hao walikataa nini, atasikitika dakika moja na kwenda kula. Sisi tuna neno tayari: kipande. Kenya ya mkoloni wanaume walikivaa shingoni kwenye kibweta cha bati. Kile cha Afrika Kusini kilikuwa kitabu, wenyewe walikiita *dompas*, "pasi ya kijinga".

Kitengenezeni. A4 mbili zikunjwe katikati, zishonwe kwa uzi, mnapata kurasa 8. Ukurasa wa kwanza picha na jina, wa pili kabila, wa tatu kibali cha kukaa mjini (asiye nacho alikuwa na saa 72 tu), wa nne risiti ya kodi, zinazobaki sahihi ya mwajiri, mwezi kwa mwezi. Acheni mwezi mmoja bila sahihi, kisha waulizeni wanafunzi mwenye kitabu hiki akisimamishwa barabarani itakuwaje. Jibu ni jela.

Kigamboni_Feri
Hapo nakubali, kipande kitangulie. Ila majina yasiondolewe, kwa sababu serikali ilifanya kila njia yawe idadi tu. Walioumia ni zaidi ya 180, wengi walipigwa mgongoni, yaani walikuwa wanakimbia. Wengine walipodai fidia mahakamani, Bunge likapitisha sheria ya kuikinga serikali na polisi wake mwaka 1961 na madai yakafia hapo. Hakuna askari aliyetiwa hatiani.

Na msiandike "Siku ya Haki za Binadamu" peke yake kwenye kichwa. Jina hilo la sikukuu lilikuja na serikali ya 1994. Kabla ya hapo watu walisema Siku ya Sharpeville, na wafuasi wa PAC hadi leo wanalalamika kwamba jina jipya linaficha nani aliua na nani aliitisha. Wana hoja, ingawa Mandela aliitia sahihi Katiba palepale Sharpeville, 10 Desemba 1996, makusudi.

MwalimuWaZamu
Shukrani wakuu. Hizo kadi 69 zitatosha ukutani kweli?

Fundi_Karatasi
Zinatosha. Kata A4 mara nne, kadi inatoka sentimita 10.5 kwa 14.8. Simamisha kadi, panga safu 3 za kadi 23, nafasi ya sentimita 2 kati yake. Urefu unakuja sentimita 285.5, kimo 48.4. Safu 4 zitawasumbua, 69 haigawanyiki kwa 4 na mwisho mtabaki na pengo linaloonekana kama mmesahau mtu. Piga mstari wa penseli kwa uzi kwanza, bandika kuanzia katikati kwenda pembeni. Gundi iwe kidogo kwenye kona tu, ukipaka kadi nzima inajikunja.

Majina chukueni kwenye orodha moja, msichanganye mbili. Tahajia za Kisotho na Kizulu hutofautiana, mtu mmoja anaweza kuhesabiwa mara mbili.

Karatasi ni 18, zinatoa kadi 72. Tatu zinazobaki: moja tarehe na mahali, moja kwa waliouawa Langa, Cape Town, siku hiyohiyo (karibu kila mtu huwasahau), na moja kwa jina la makaburi walikozikwa, Phelindaba. Kwa Kizulu ni kama kusema habari imekwisha.