Bango la karakana: fonti za herufi nyembamba ndefu zinafaa au nitajuta?

fundi_geti: Wakuu salaam, nina karakana na bango langu ni mita 3 kwa 1, maneno ni KARAKANA YA KUCHOMELEA NA KUKEREZA VYUMA, sasa dogo wa kuprinti alichukua fonti ya Arial akaibana na mausi mpaka ikaenea, O imekuwa yai, miguu ya H imekonda ila ule mstari wake wa katikati bado mnene, yaani aibu. Nataka ule muonekano wa kiwandani. Naombeni ushauri.

mzee_wa_stika: Mkuu usikubali kubaniwa herufi. Tafuta fonti iliyozaliwa nyembamba, mchoraji ameshapima unene wa kila mstari. Oswald na Bebas Neue ni za bure hata kwa biashara. Bebas haina herufi ndogo ila kwa bango lako haina shida. Hii mitindo ya zamani sana, Alternate Gothic ya Morris Fuller Benton ilitoka Marekani 1903 na Oswald ni ya ukoo huohuo. Kiswahili chetu na maneno yake marefu ndo kinazitaka hizi.

Kidoti88: Ukitaka kiwanda chenyewe angalia DIN, yaani shirika la viwango la Ujerumani, walipitisha herufi za DIN 1451 mwaka 1936 kwa ajili ya michoro ya mafundi, mashine na barabara, mistari unene mmoja haina madoido. Ila hata wao nyembamba wanaiweka pale jina likigoma kuenea tu, vibao vingi vya barabarani wanatumia ile ya kati maana inasomeka kwa mbali.

fundi_geti: Asanteni. Je nikitaka kuzikata kwenye bati kwa plazma (mashine ya kukata chuma kwa moto wa umeme), taa iwake kwa nyuma?

mzee_wa_stika: Hapo ujipange 😂 tumbo la O, A na R litadondoka chini lote, acha vidaraja viwili, yaani vipande vyembamba vya bati vya kulishikilia, kwa kila tundu, na kwa vile matundu ya fonti hizi ni membamba usikate herufi ndogondogo, moto utayala.

mama_Tumaini: Jamani na namba ya simu? Mi napanda daladala kila siku, mabango ya hivyo namba sizioni, gari limeshapita. Namba iweke fonti pana, na hayo maneno makubwa achanisha kidogo herufi zisikumbatiane.

fundi_geti: Dada hilo sikuliwaza kabisa. Nimeprinti karatasi nne nikabandika ukutani nikavuka barabara, KUKEREZA naisoma vizuri tu, ila nimemuita jirani anisomee namba, 8 zote kasema 3. Naenda kubadilisha namba kesho asubuhi kabla dogo hajaanza kuprinti.

Kidoti88: Tuletee picha likishapanda.