Naomba ushauri: Hombolo kwa baiskeli, kuangalia jua likizama bwawani

Mwendo_Pole (mleta mada):
Mbukwenyi wakuu. Mwezi wa 8 tunataka kwenda Bwawa la Hombolo kwa baiskeli toka Dodoma mjini, watu wawili, tuangalie jua likizama kisha turudi usiku huohuo. Baiskeli ni za mlima, rimu 26, tairi 2.1. Tuondoke saa ngapi, tubebe nini, na kukaa pale jioni kuna shida gani? Au Bwawa la Mtera ni bora?

Spoku36:
Mkuu, hilo la kurudi usiku huohuo lifute. Ni kama kilomita 40: barabara ya Morogoro hadi Ihumwa, halafu unaingia kushoto. Hatari iko kwenye hicho kipande cha Morogoro, malori na mabasi kibao. Ukirudi jioni unaelekea magharibi, na dereva anayekuja nyuma yako jua linampiga usoni, hakuoni. Likishazama, ndani ya nusu saa ni giza totoro. Laleni gesti Hombolo mrudi asubuhi, jua likiwa mgongoni kwenu.

Asubuhi ya kwenda mambo ni yaleyale: mnaelekea mashariki, kwa hiyo anayepofushwa tena ni yule wa nyuma yenu. Ndiyo maana ni heri kupakia baiskeli kwenye daladala hadi Ihumwa na kuanzia pale. Elewaneni na konda kabla hajafunga kamba, na cheni iangalie juu, isilalie keria.

Mbigili_Tupu:
Hayo ya jua sawa, lakini kitakachowasimamisha ni mbigili na miiba ya migunga. Kiangazi mbigili inakuwa imekauka na kutawanyika pembeni ya njia, hasa pale watu wanapokwepa mchanga. Kwa hiyo msikwepe. Piteni katikati ya alama za matairi ya gari, gia nyepesi, uzito nyuma, breki ya mbele usiiguse.

Upepo wa tairi: lami psi 40, mkiingia vumbi shusheni hadi 28 au 30. Chini ya hapo, ukigonga jiwe rimu inabana tyubu na kuitoboa matundu mawili sambamba.

Pancha ikitokea, kabla ya kurudisha tyubu pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Ncha ya mwiba hubaki humo, ndiyo inayotoboa tyubu mpya baada ya mita mia mbili, halafu watu wanalaumu tyubu. Kiraka nacho: kwangua kwa msasa, paka solusheni nyembamba, subiri dakika 4 au 5 hadi ikauke, ndipo ubandike. Ukibandika ikiwa mbichi kitabanduka kwenye joto. Kila mtu abebe tyubu 2, viraka 8 na vijiti vya kutolea tairi. Pampu moja inatosha, mradi valvu za baiskeli zote zinafanana.

Zabibu_Kavu:
Mwezi wa 8 mmechagua vizuri, njia imekauka na zabibu ziko sokoni. Masika msijaribu kabisa, udongo wa mbugani unajaa kwenye breki hadi gurudumu linagoma kuzunguka.

Maji ya bwawa si ya kunywa, yana chumvi. Na msitie miguu kwenye maji yaliyotulia yenye majani, ndiko wanakokaa konokono wa kichocho. Kimelea kinapenya ngozi nzima, si lazima uwe na kidonda. Bebeni lita 3 kila mtu, na pakiti 2 za chumvichumvi za dukani za kurudisha maji mwilini (ORS); pakiti moja kwa lita moja ya maji.

Mwendo_Pole:
Asanteni sana. Tukae upande gani wa bwawa? Jua linazama saa ngapi?

Spoku36:
Agosti ni kama saa 12:40 jioni. Mtu anayetaka jua lizame juu ya maji anakaa ng'ambo ya mashariki. Wengi wanakaa popote kisha wanapata picha ya vichaka. Fikeni saa 11 mchague mahali pa ardhi ngumu. Bwawa limejaa mchanga na tope tangu lijengwe 1957, na maji yakipungua kingo zinaonekana kavu juu huku chini ni uji. Baiskeli inazama hadi ekseli.

Kabla ya kukaa ulizeni wavuvi kuhusu viboko. Kiboko hutoka majini giza likianza kwenda kula nyasi, na anayekaa kati yake na maji ndiye anayekanyagwa.

Zabibu_Kavu:
Mtera ni maji mengi na machweo yake ni mazuri, lakini ni zaidi ya kilomita 100 kwa barabara ya Iringa, na viboko na mamba wapo bila ubishi. Hiyo ni safari ya siku mbili kwenda tu kwa mwendo wa jina lako. Pale kwenye tuta la umeme kuna ulinzi, omba ruhusa kabla ya kutoa kamera.

Mwendo_Pole:
Basi Hombolo, tunalala. Valvu zetu moja nene kama ya gari, nyingine nyembamba.

Mbigili_Tupu:
Nunueni adapta ya shaba ya kuvisha ile nyembamba, mafundi wa baiskeli mjini wanazo. Fungua kwanza kile kinati cha juu ya valvu, la sivyo utapampu hadi jioni.