Mwanamke anayewinda tumwite nani?

Wadau, kuna hoja kwamba Kiswahili kina pengo: hakina neno moja la kumtaja mwanamke anayewinda, hivyo tuunde jipya au tuzoee "mwindaji wa kike". Mimi napinga, tena kwa nguvu zote.

Tazameni neno lenyewe. Mwindaji limetokana na kitenzi winda: mbele kuna kiambishi cha ngeli ya watu, nyuma kuna -ji ya mtendaji. Jinsia haimo, kama ambavyo haimo katika mkulima, mvuvi au msasi, neno jingine la mwindaji. Kilatini ndicho kilichogawa, venator kwa mwanamume na venatrix kwa mwanamke, na Waingereza nao wana huntress. Hiyo ni sarufi yao. Mtaniambia mbona tuna bibi shamba? Kwa sababu bwana shamba alitangulia, na "bwana" tayari alikuwa mwanamume! Mwindaji hana tatizo hilo. Tukimbandika "wa kike" tunakubali kwamba mwindaji halisi ni mwanamume.

Nadhani mzizi wa hoja hii ni imani kwamba wanawake hawawindi. Huko Wilamaya Patjxa, nyanda za juu za Peru, mwaka 2018 lilifukuliwa kaburi la miaka 9,000 hivi. Marehemu alizikwa na ncha za mawe za kuwindia pamoja na zana za kuchunia. Uchunguzi ukaonyesha alikuwa msichana wa miaka kati ya 17 na 19.

Sisemi kila jamii iko hivyo. Kwa Wahadzabe wa Tanzania upinde ni kazi ya wanaume, wanawake huchimba mizizi. Lakini waangalieni Wambuti wa msitu wa Ituri, Kongo. Nyavu hufungwa zikazunguka kipande cha msitu, wanaume wakasimama nazo na mikuki. Wanawake huingia upande wa pili, wakipiga kelele na kupigapiga vichaka, mpaka paa atoke mbio na kunasa. Bila wao wavu unabaki mtupu.

Wapo watakaosema mwindaji ni yule aliyeshika mkuki tu. Basi na mwanamume anayetega mtego akaenda zake nyumbani, naye tumnyang'anye jina? Anayetaka neno jipya aanze kwa kujibu hilo.